Mkuu, usilipie hiyo pampu kabla kisima hakijapampiwa saa 24

Usilipe. Hata ile asilimia ya kuanzia usilipe. Mwambie muuzaji hela imekwama benki, mhasibu anaumwa, mwenyekiti kafiwa, sema lolote.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ni katibu wa chombo cha maji ngazi ya jamii, kijiji cha watu karibu 4,000 upande wa Manyoni. Wana hela, wanataka wapange maji ya miaka 20 ijayo, ameuliza wachague kipi kati ya kisima kirefu cha sola, lambo, maji ya mvua na kusubiri bomba la mradi mkubwa. Ameuliza pia bei ya ndoo na mita za kulipia kabla. Wachangiaji wa juu wamejibu vizuri, sina ugomvi nao. Ila wote wameruka sentensi moja aliyoichomeka katikati kama vile si kitu: mchimbaji alipuliza kisima mwezi wa nne, kikatoa lita 8,000 kwa saa, kwa hiyo wiki ijayo kamati inalipia pampu, sola na tenki.

Hiyo sentensi naijua kwa sura. Nilikuwa kwenye kamati iliyoisoma kwenye ripoti yake, mkoa huohuo, tofauti ni kwamba yetu iliandikwa lita 9,000. Tukapiga makofi. Mchungaji akaomba. Mbuzi akachinjwa.

Nieleze kwanza kupuliza ni nini, maana nina uhakika nusu ya kamati yako hawajui, kama ambavyo sisi hatukujua. Mtambo ukimaliza kuchimba, jamaa wanashusha bomba la upepo wa kompresa hadi chini, upepo unasukuma maji na matope juu. Lengo lake ni kusafisha kisima. Wakati maji yanaruka, mtu anakinga ndoo, mwingine anashika saa ya simu, wanapiga hesabu, wanaandika. Hapo ndipo lita 8,000 zako zilipozaliwa.

Sasa angalia. Kisima cha inchi 6 kinabeba kama lita 18 kwa kila mita moja ya maji yaliyosimama. Kama chako kina mita 120 na maji yanasimama mita 20 toka juu, humo ndani tu kuna kama lita 1,800 zimekaa zinasubiri kurushwa. Hizo si mapato ya kisima, ni akiba. Kando yake kuna akiba nyingine, iliyo kwenye mawe yaliyooza na nyufa za jirani, ambayo mwezi wa nne imejaa kwa sababu mvua ndiyo kwanza zinaisha. Halafu upepo unatoa maji kutoka chini kabisa, wakati pampu yako haitakaa chini kabisa. Kwa hiyo anayepuliza kwa muda mfupi mwisho wa mvua anakupimia vitu vitatu ambavyo hutakuwa navyo mwezi wa kumi.

Sisi tuko juu ya granaiti, na nyie kwa sehemu kubwa ni hivyohivyo. Granaiti yenyewe haishiki maji. Maji yapo kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye nyufa. Ufa unaweza kukupa maji kwa kishindo siku ya kwanza, kisha ukagundua umefungwa upande wa pili. Hilo hulijui kwa ndoo na saa ya simu.

Tukanunua. Pampu ya lita 9,000, paneli za kuitosha hiyo pampu, tenki la lita 50,000 juu ya mnara, mabomba ya kusambaza, vituo vya kuchotea mpaka kitongoji cha mwisho ambako hata barabara haifiki. Miezi ya mwanzo raha tupu. Mwezi wa nane pampu ikaanza kuwaka na kuzima. Inatoa maji kidogo, inazima, inakaa, inawaka tena. Watu wakalalamika, foleni ikazunguka ofisi ya kijiji. Kumbe kile kifaa cha kuzima pampu maji yakipungua kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa. Fundi akaja, akasema kifaa kibovu, akakiruka kwa waya. Pampu ikazunguka bila maji, ikavuta tope, ikaungua. Tukachangishana, tukanunua nyingine. Ndiyo, nyingine, ukubwa uleule. Cheka tu, nimeshazoea. Mimi nilisomea ualimu wa Kiswahili, mawe sikufundishwa.

Ya pili ilipoanza tabia ileile ndipo tukatafuta mtu wa kupima kwa utaratibu, kiangazi kimekomaa. Kisima kilikuwa na uwezo wa kama lita 2,000 kwa saa, na hizo ukiwa na adabu. Tenki letu la lita 50,000 halijawahi kujaa. Kipindi cha kampeni wagombea walibandika picha zao kwenye nguzo zake, na mchana mbuzi wanapumzika kivulini, kwa hiyo siwezi kusema halina faida. Ni kama mnara wa simu usio na netiweki: unauona toka mbali, ukisogea huna kitu.

Na akina mama wakarudi kuchimba mchanga korongoni, kulekule walikokuwa. Kuna mmoja wao kwenye kikao cha mwanzo aliuliza mbona mnapima maji kipindi ambacho hata mtoni yapo. Akaambiwa hii ni teknolojia, mama.

Aliyesema hivyo ni mchimbaji. Simtaji, ila naomba siku moja akwame njiani na gari lake, jua la saa nane, aombe maji pale kijijini. Tulimuuliza kuhusu pampu testi, yaani kupima kisima kwa kukipampu saa nyingi mfululizo, sio kwamba hatukuuliza. Akasema kwa mawe ya huku kupima saa 24 ni kupoteza hela ya wananchi, yeye ana uzoefu, anajua kisima kwa sauti. Kwa sauti! Na sisi tukaandika kwenye muhtasari wa kikao. Ila tatizo kubwa lilikuwa mkataba. Tulijiona wajanja, tukaweka kipengele cha "hakuna maji, hakuna malipo". Kipengele hicho kinafurahisha mkutano mkuu wa kijiji, lakini kinamfanya mchimbaji awe mchezaji na refa. Yeye ndiye anayechimba, yeye ndiye anayepima, na asipopata maji hapati hela ya dizeli aliyochoma. Unategemea ataandika nini? Muuzaji wa sola naye hakuwa na sababu ya kuuliza, maana lita zikiwa nyingi paneli zinakuwa nyingi.

Kwa hiyo sheria yangu, na ndiyo pekee niliyo nayo: usinunue hata koki kabla kisima hakijapampiwa saa 24 mfululizo, mwisho wa kiangazi, na mtu ambaye halipwi na mchimbaji. Kwa idadi ya watu wako ningesema saa 72, lakini najua kamati zilivyo, nikisema 72 mtafanya 6.

Inafanyika hivi. Unakiacha kisima kitulie, unapima maji yamesimama wapi. Unashusha pampu ya kupimia na jenereta (sio sola, usiku utafanyaje?) kwenye kina ambacho pampu yenu itakaa. Kwanza inaendeshwa kwa hatua, kasi ndogo, ya kati, kubwa, kuona kina kinashukaje kila unapoongeza. Kisima kinaachwa kirudi. Halafu ndiyo saa 24 kwa kasi moja isiyobadilika, na mtu ameshika waya wa kupimia kina, mwanzoni anapima kila dakika, baadaye anaachanisha vipimo. Maji yanayotoka yapelekwe mbali kwa bomba. Nimeona mahali yanamwagwa pembeni ya kisima yanarudi humohumo, halafu watu wanashangilia kisima hakikauki. Ukizima jenereta usiondoke, hapo ndipo penye utamu: pima maji yanavyopanda. Kama ulipampu saa 24, na saa 24 baadaye bado hayajakaribia yalipokuwa, ujue ulikuwa unakula akiba. Na kama saa ya 20 kina bado kinashuka bila kutulia, hiyo kasi uliyoitumia si ya kisima chako. Utakachopata usikitumie chote, chukua kama asilimia 60 au 70 ndipo ununue pampu.

Kuna mtu juu ameandika "mvua zikinyesha maji ya ardhini yanarudi tu". Yanarudi lini? Makutupora, ambako Dodoma inachota maji yake, kina cha maji kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochambua kumbukumbu za miaka 55 wakakuta hifadhi ile haijazwi na mvua za kawaida za kila mwaka, inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kati ya hapo kina kinashuka tu. Na Makutupora ni eneo bora, si kisima kimoja kwenye ufa mmoja. Wewe unapangia miaka 20. Nenda ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, iko Singida mjini, kibali cha kutumia maji utakihitaji huko kwa sheria ya 2009 hata hivyo, ukiwa pale waulize kumbukumbu za visima vya jirani zako. Sisi tulikwenda baada ya pampu ya pili. Tulipokelewa vizuri, tatizo tulikuwa tumechelewa.

Halafu hesabu zako hazikai hata mchimbaji akiwa malaika. Sera ya maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 4,000 ni lita 100,000. Sola inakupa jua zuri la saa 6 hivi. Lita 8,000 mara 6 ni 48,000. Nusu ya kijiji haijapata, na ng'ombe hujawahesabu, na wewe uko Manyoni, unajua ng'ombe hawasubiri kuhesabiwa. Kisima hicho kimoja hakiwezi kuwa mpango wa miaka 20. Kinaweza kuwa kipande cha mpango.

Siku hiyohiyo ya kupima, saa za mwisho za kupampu, chota sampuli upeleke maabara ya maji ya Wizara. Sio chumvi tu, taja floridi kwa jina. Singida, Manyara, Arusha, Shinyanga floridi ipo, na kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Huioni, huisikii mdomoni, na kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua yenyewe inabaki. Inaonekana kwenye meno ya watoto baada ya miaka, hela mmeshamaliza. Kuichuja kwa mkaa wa mifupa kunawezekana, pale Ngurdoto wamefanya kazi hiyo muda mrefu, lakini kuendesha chujio la kijiji kizima ni kazi nyingine ya kutafutia kamati nyingine.

Mengine uliyouliza, haraka haraka. Lambo kwa huku jua linakula karibu mita mbili za kina kwa mwaka, na tope linajaza chini, kwa hiyo lambo la mita tatu liite la ng'ombe na uridhike. Kama mna korongo lenye mchanga mnene na mwamba karibu, kaangalieni mabwawa ya mchanga ya Kitui na Machakos kule Kenya: ukuta mfupi, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Akina mama wanaochota korongoni kwenu wanajua pa kujenga kuliko mhandisi yeyote, waulize kabla hamjaita mtu. Paa la shule la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600, linakusanya mpaka lita 60,000 kwa mwaka kabla hujatoa zinazopotea, yatosha kunywa wanafunzi sio kuoga kijiji. Bomba kubwa lije au lisije, mabomba yenu ya kusambaza yatahitajika, hayo hayaozi, yawekeni ya ukubwa wa kutosha. Lakini baada ya pampu testi!

Bei ya ndoo na mita za kulipia kabla sijui niseme nini sasa hivi, sisi tulikosa maji ya kupitisha kwenye mita. Wengine watakujibu.

Piga picha ripoti ya mchimbaji, kila ukurasa, ficha majina, iweke hapa. Nataka kuona maji yalikutwa mita ngapi, yanasimama mita ngapi, kesingi (bomba la kushikilia kuta za kisima) imeishia wapi, na walipuliza kwa muda gani. Kama muda haujaandikwa, mpigie simu sasa hivi umuulize mbele ya wajumbe, ukiwa umeweka sauti ya nje.