Sabuni ipelekeni, ila mwenye kuhitaji damu mnamwacha na nani?

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika. Unasema jumuiya yenu ya Buhongwa imekukabidhi matendo ya huruma, na wenzako wamekubaliana kuchanga sabuni na sukari mpeleke hospitali ya Bugando tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani. Unauliza kama hiyo inatosha, au kuna kitu wagonjwa wanakihitaji zaidi.

Sabuni pelekeni. Ila kabla ya kununua, mmoja wenu aende ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali aulize wodi ipi imepungukiwa na nini. Unaweza kukuta wanahitaji pampasi za watu wazima, au nauli ya mgonjwa aliyeruhusiwa asiye na njia ya kurudi kwao. Hilo ni la asubuhi moja. Kinachohitajika zaidi ni damu, na damu inataka mtu wa kuisimamia mwaka mzima.

Chukua mgonjwa anayetoka huku visiwani. Kichocho cha tumbo, watu wa ziwani tunakijua. Kikikaa miaka kinaharibu ini, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku ikipasuka mtu anatapika damu. Anavushwa ziwa, anafika Mwanza na mkewe tu. Akishaongezewa damu, ndugu wanaombwa waje kurudishia ili akiba isiishe. Ndugu gani? Wako kisiwani Ukara. Weka hapo na mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mdogo aliyepungukiwa damu kwa malaria kali, watoto wenye seli mundu (sikoseli) ambao Kanda yetu ya Ziwa inao wengi, na vijana wa ajali za bodaboda. Hao wote wanamtegemea mtu wasiyemjua.

Sasa namna ya kufanya. Andikeni barua kwa kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa, hapo hapo Mwanza, ipitie kwa paroko apige muhuri. Tajeni tarehe, mahali na idadi mnayotarajia, na muulize wanataka watu wangapi ndipo walete timu. Mkiwa wachache, pandeni daladala mwende wenyewe kituoni. Damu ni ile ile. Mkitaka chupa 30, andikisheni watu 50, maana wengine hawatatokea na wengine watarudishwa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu (hemoglobini) kuanzia gramu 12.5 kwa desilita. Mjamzito na anayenyonyesha wapumzike. Mwanaume anachangia tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Wenzako watataka tukio moja kubwa, watu mia, turubai na spika. Wazuie. Damu iliyohifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 inadumu siku 35 hivi, basi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazivuki siku 5. Mkichangia mia siku moja, sehemu inaweza kuharibika kabla ya kupata wa kupewa, na mwezi unaofuata rafu ni tupu. Zungumza na jumuiya nyingine za kanda yenu ya parokia, kila moja ichukue mwezi wake. Nyinyi mchukue Juni au Desemba, kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa damu inapungua kweli kweli.

Na Kwaresima, jamani. Najua watu wanapenda kuunganisha mfungo na sadaka, lakini msipange Jumatano ya Majivu wala Ijumaa. Mtu asiyekula wala kunywa ndiye anayeanguka. Kila mmoja awe amekula chakula cha kawaida masaa mawili au matatu kabla ya kuchangia, na anywe nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya kulala kwenye kitanda cha kutolea damu. Maji yana kazi nyingine pia: mfuko unachukua mililita 450, na ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande iliyopimwa kutosha kiasi hicho cha damu. Mwenye kiu damu yake inatoka polepole, pengine inakatikia njiani, na mfuko usiojaa huenda ukatupwa. Mtu kachomwa sindano bure.

Ukumbi uwe wa chini, wenye hewa, karibu na choo na maji ya kunawa. Kwa watu 50 tafuteni viti vyenye egemeo 20 hivi, meza tano, mikeka miwili ya kumlaza atakayesikia kizunguzungu (miguu juu, kichwa chini), na katoni za soda na biskuti. Uji wenye sukari unafaa vilevile na ni wa bei ndogo. Akishatoa akae dakika 15 akinywa, macho yenu yakiwa kwake. Wanaozimia, wengi huzimia wakiinuka, au wakipanda mlima. Wanaoishi milimani Bugarika na Mabatini wasianze kukwea zile ngazi za mawe hapo hapo. Dereva wa bodaboda asishike usukani mara moja, mbeba mizigo wa soko la Mwaloni asirudi kubeba magunia ya dagaa siku hiyo, na mvuvi asiingie ziwani usiku ule.

Nikuase kwa ukali jambo moja: msimshurutishe mtu, na msisome majina ya waliochangia kanisani. Damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini aliyeambukizwa hivi karibuni kipimo kinaweza kisimwonyeshe. Ngao ya mgonjwa ni mchangiaji kujibu maswali ya mshauri kwa ukweli na kujiondoa akijiona ana hatari. Mwenyekiti wa jumuiya akisimama mbele na kuhesabu nani katoa na nani hajatoa, mtu huyo ataona aibu kujiondoa, atadanganya, na sumu itakwenda kwa mtoto. Anayetaka tu kujua hali yake aende kituo cha ushauri nasaha. Bwana Yesu alishasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Hapa neno hilo linalinda maisha ya mtu.

Kwa hiyo daftari lako liwe na jina, simu, kundi la damu na tarehe ya kuruhusiwa kuchangia tena. Sababu ya mtu kurudishwa usiiandike wala usiiulize. Wenye kundi la O hasi, ambalo karibu kila mgonjwa anaweza kupewa, ni wachache sana. Msiwamalize wote siku moja, wawekeni wa kuitwa kwa simu usiku.

Kina mama watakaorudishwa kwa upungufu wa damu wasiondoke hivi hivi. Waelekezeni zahanati wakapime minyoo na kupewa vidonge vya madini chuma. Dagaa, maini na mboga za majani vinasaidia, lakini chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini hayo kuingia mwilini. Wanaosema ukichangia mara moja damu inazidi na lazima uendelee, waambie sivyo: maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa, zikifikia kiwango chake zinakoma.

Yule Msamaria wa Luka 10 alitoa mafuta, divai na dinari mbili, kisha akaahidi kupitia tena. Wenzako wakishapeleka sukari watadhani wamemaliza, nawe utabaki na kazi ya kuwapigia simu mwezi wa tatu na wa nne.

Na mtu yeyote akidai pesa ili mgonjwa apewe damu, msilipe kimya kimya, damu haiuzwi. Chukueni jina lake, nendeni kwa uongozi wa hospitali siku hiyo hiyo.

Baba yako anasalimia. Anauliza kama miaka 66 kweli hairuhusiwi. Nimemwambia hairuhusiwi, ila kubeba viti anaweza.

Mama yako