Benchi la bustani: pesa iweke miguuni

Mkuu, umeuliza kama ujikamue ununue mninga kwa benchi la nje au paini inatosha, maana la jirani yako limeliwa na mchwa. Paini inatosha, ilimradi iwe imetiwa dawa, ile yenye ukijani kwa mbali. Nimetengeneza ya aina zote mbili hapa Morogoro. Mvua si tatizo kubwa, mbao ikilowa na ikapata hewa inakauka. Kinachoua benchi ni miguu iliyosimama kwenye udongo na maji yaliyotuama kwenye kikalio.

Chukua mbao 3 za inchi 2x4, futi 12 kila moja. Mbili zitoe vipande 4 vya futi 5, hicho ndicho kikalio. Vinavyobaki, futi 2 kila kimoja, vikate inchi 17, vitalala chini ya kikalio kukibeba, kimoja kila upande. Mbao ya tatu itoe miguu 4 ya inchi 15, na iliyosalia iunganishe miguu ya kushoto na ya kulia, pamoja na vipande vya mshazari. Mshazari usiuruke. Wakikaa mashemeji watatu siku ya shughuli ndipo utajua kwa nini.

Miguu ifunge kwa bolti na nati, mbili kila mguu. Kwenye kikalio tumia skrubu za inchi 3 na nusu zisizoshika kutu, na utoboe kwanza, la sivyo ncha za mbao zitapasuka. Misumari sishauri: mbao ya nje inavimba na kusinyaa, baada ya muda vichwa vinachomoza na kuchana suruali za watu. Kati ya mbao na mbao acha mwanya maji yapite. Chomeka msumari wa inchi 4 uwe kipimo, kaza, uchomoe, hamia mwanya unaofuata.

Sasa miguu. Ukikata mbao yenye dawa, mara nyingi unafungua moyo ambao dawa haikuufikia. Kwa hiyo kwa miguu miwili yenye ncha ya kiwandani, ncha hiyo ielekee chini, uliyokata wewe iwe juu, na kila ulipokata pake dawa ya mbao. Kisha kila mguu ukae juu ya tofali la saruji lililoinuka kidogo. Mchwa wanaweza kulipanda tofali, lakini watalazimika kujenga njia yao ya udongo nje, utaiona na kuifagia. Ukiuchimbia mguu ardhini, wanaingilia chini kimyakimya.

Oili chafu ya injini wengi wataitaja kama dawa ya mchwa. Mimi siipaki, inachafua nguo na kuvujia kwenye mboga. Vanishi ya ndani nayo itabanduka kwa jua. Acha tu mbao ipauke.

Na vipande vilivyobaki usimpe mtu akapikie, moshi wa ile dawa ni sumu.