Tope la ziwa: kwa nini unaona mchanga mtupu badala ya amiba wenye magamba

Mkuu, umesema ulikuwa unatafuta amiba wenye magamba (viumbe wa seli moja wanaoishi ndani ya gamba dogo), ukachota tope la ufukwe wa Ziwa Victoria kwa koleo, ukalianika, ukalichekecha, na kwenye hadubini hukuona ila mchanga. Kilichokuangusha zaidi ni kuanika. Tope la ziwani lina mabaki mengi ya mimea. Likikauka linagandamana, na magamba hunasa humo au hubonyea. Kazi yote ifanyike likiwa bichi.

Koleo nalo liache, linachanganya tabaka la juu na mabaki ya miaka mingi. Kata ncha ya bomba la sindano la mililita 60. Pistoni iguse uso wa tope, kisha sukuma bomba chini huku pistoni ikibaki palepale. Ukilichomoa na kukamua, kinachotoka kwanza ni cha chini. Kitupe, bakiza sentimita 1 inayogusa pistoni. (Vaa buti na glavu, kichocho kipo.)

Mililita 3 zinatosha. Koroga kwenye maji, pitisha kwenye chekeche yenye matundu ya mikroni 300 (mikroni 1,000 ni milimita moja), kisha ya 45. Unachotaka ni kile kilichozuiwa na ya pili. Ya mikroni 63 pia inafanya kazi, ila amiba wadogo kama Euglypha watakupotea. Weka kidogo sana kwenye sahani ya petri, hadi uone kioo cha chini, uanze na ukuzaji wa mara 40.

Sasa, huenda baadhi ya huo "mchanga" wako ulikuwa Difflugia, mmoja wa amiba hao. Huyu hujijengea gamba kwa chembe za mchanga, hivyo ni rahisi kumpita. Mgeuze kwa brashi yenye unywele mmoja: punje ya mchanga haina mdomo, yeye ana tundu safi ncha moja. Arcella hana shida, ni kisahani cha rangi ya kahawia chenye tundu katikati. Centropyxis tundu lake limekaa upande, na wengine wana miiba. Ukiona makombe mawili yenye bawaba, huyo si amiba, ni ostrakodi, mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa mwenye seli nyingi. Tone la siki hutoa viputo kwenye gamba lake.

Kujua nani alikuwa hai, tia rangi ya rose bengal siku ileile ya kuchota, na spiriti ya kuhifadhi. Hesabu kama hai wale tu waliojaa wekundu ndani, kwa sababu bakteria na kuvu kwenye gamba tupu nao hushika rangi kidogo.