Binti yangu hatoki kwenye ndoo ya maji

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Tangu msimu wa korosho ananawa mikono mpaka inachanika na kutoa damu. Udhu anaurudia, wenzake wanamaliza kuswali naye bado ameshika kopo. Usiku ananiuliza, "Mama, sijakuambukiza ugonjwa?" Nikimjibu, anauliza tena. Maji yenyewe tunanunua kwa dumu. Baba yake anamchapa, majirani wanasema ana jini. Nifanyeje?
Mama Binti, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Fimbo ikome leo hii. Huyo mtoto si mkaidi, ana hofu. Unayoeleza yanafanana sana na maradhi yanayoitwa OCD: wazo la kutisha humjia bila kuliita, ananawa ili litulie, linatulia kidogo, kisha linarudi. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na wala hukumlea vibaya.

Sasa lililo gumu. Kila unapomjibu "hujaniambukiza", anapata nafuu ya dakika chache na hofu inapata nguvu. Mkubaliane mchana, akiwa ametulia, kwamba akiuliza mara ya pili utamwambia, "Hiyo hofu ndiyo inayouliza, mwanangu." Atalia. Kaa naye, mshike, ila usijibu. Wala usimkatalie yote kwa siku moja. Aanze na dogo alilochagua mwenyewe, mathalani ashike kitasa cha mlango kisha asubiri bila kunawa mpaka hofu ishuke yenyewe. Hiyo ndiyo tiba kuu, na ni vizuri iongozwe na mtaalamu.

Kuhusu udhu, mwombe mwalimu wake wa madrasa amfundishe kwamba shaka ikija baada ya kumaliza, asiijali, aswali tu.

Mpeleke Ligula, hospitali ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili. Baba yake aingie nanyi kwa daktari, asibaki kwenye benchi nje. Semeni yote, hata kama anang'oa nywele au anapepesa macho bila kujizuia, maana hayo huandamana na OCD. Akitamka kwamba anataka kufa, msingoje siku ya kliniki.

Huenda akaandikiwa dawa kama fluoksetini. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake yote, kwa hiyo wiki ya pili usipoona kitu usiikatishe. Rudi ukamweleze daktari.