Mama mkwe anataka mke wangu akajifungulie kwao

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 25, mke wangu 21. Tulioana mwaka jana kwa taratibu zote za wazee, kuanzia posa hadi fungate. Sasa ana mimba ya miezi saba. Mama mkwe, aliyeko Pangani, anasema uzazi wa kwanza ni wa kwao, na binti yake atakaa huko mpaka arubaini itoke. Mimi nimeajiriwa Tanga mjini. Mila naziheshimu, ila roho inaniuma: mwanangu atanizoea lini? Nimkatalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkatalie. Ulipopeleka mahari, kulikuwa na fungu la mama liitwalo mkaja. Mkaja ni kile kitambaa alichofungwa tumboni alipomzaa mkeo. Leo ni zamu yake kumfunga binti yake, na hiyo kazi ameingojea miaka 21.

Mimi nilizaa wa kwanza nikiwa na miaka 20. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, na usiku mtoto akishashiba alimchukua akalala naye yeye. Nyumbani kwangu ningekuwa peke yangu na kichanga tangu asubuhi mpaka mume arudi kazini.

Ila kaa na mama mkwe mapema, kwa adabu, mkubaliane. Kadi ya kliniki iende na mkeo, na ajifungulie hospitali. Kichwa kikimuuma bila kutulia, akiona maruweruwe, uso ukivimba au damu ikitoka, wasingoje kupambazuke. Nauli ya gari iwekwe kando tangu sasa, na hiyo uitoe wewe. Akishajifungua, maji ya kumkandia yasiwe ya kuunguza, na kama ameshonwa au amepasuliwa, wamuulize mkunga kwanza. Mtoto asipewe maji wala asali, ni ziwa la mama tu kwa miezi 6. Hapa nimeona bibi wengi wakikosea kwa mapenzi.

Nawe una nafasi yako. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwambie bosi wako sasa. Adhana sikioni mwa mwanao uisome wewe. Halafu kila mwisho wa juma panda gari, nenda Pangani na kuku wa supu, mwombe mama mkwe akufundishe kumpakata, umlaze kifuani mpaka asinzie.