Uliza Mwalimu: Mgeni kasema ana "runs", na wala hakimbii

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mgumu, yani nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro njia ya Machame, na saa hizi najisomea ili mwakani niombe leseni ya kuongoza. Msimu uliopita tukiwa kambi ya Shira mama mmoja wa Kimarekani alitoka hemani asubuhi akamwambia mwenzangu "I have the runs", sisi tukajua ni mtu wa mazoezi, mwenzangu akamwambia very good mama, akamwonyesha na dole gumba kabisa. Kumbe mwenzie kahara usiku kucha! Kamusi yangu ndogo inasema run ni kukimbia, basi. Naomba unipe maana zote za hili neno nizikariri nimalizane nalo. – Mgumu wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujisomea. Nimecheka hiyo dole gumba mpaka basi, ila mama wa watu sijui alijisikiaje.

Maana zote sikupi, na sio uchoyo. Wale wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya hilo neno, ikafika 2011 ndo wakasema wamepata maana 645, na hapo ni run ya kitendo tu, hujagusa ile ya jina kama hiyo ya tumbo. Mhariri wao Peter Gilliver alikaa nalo karibu miezi tisa. Kabla ya hapo aliyekuwa anaongoza ni "set", toleo la 1989 lilimpa maana kama 430 hivi, nalo tulikuwa tunaliona limezidi. Sasa wewe ukae Pasua ukariri 645 na mizigo unabeba saa ngapi?

Limekuwaje hivyo? Mwanzoni ni miguu, mtu anakimbia, mnyama anakimbia. Maji nayo yamo, mto "runs", pua "runs", rangi ya nguo "runs", yani ile tisheti umeokota mitumba pale Memorial ukailoweka na shati jeupe ikachuja yote. Alafu zikaja mashine, hapo ndo neno likafura, maana Mwingereza kila alichokitengeneza kikawa kina "run": saa ya ukutani, treni, injini, baadae na programu za kompyuta. Sisi saa yetu inatembea tu, haina haraka.

Na usiwaone wa ajabu, mbona sisi tuna "piga". Chukua mzungu aliyekuja Moshi kujifunza Kiswahili, kaambiwa piga ni kumchapa mtu, alafu siku moja tu anasikia nipigie baadae, piga pasi hilo shati, twende tukapige picha, kapige mswaki, dada anapiga deki, watu wamepiga kura, jamaa kanipiga laki mbili kwenye kiwanja, ngoja nipige chai kwanza. Si atajua huu mji ni wa fujo? Wewe hujawahi kufungua kamusi kwa ajili ya piga, unaangalia tu kafuatana na nani, pasi, kura au hela. Na run ni hivyohivyo, usiliangalie lenyewe, angalia lililokaa nalo kushoto na kulia.

Kwa kazi yako mimi ningeanza na yale ya mlimani, hayo mengine yatakukuta mbele ya safari. Hilo la kwanza umeshalijua, "the runs", lina the mbele na s nyuma, hilo ni tumbo, mwambie kiongozi wenu hapohapo, mgonjwa anywe maji ya kutosha na ORS kama mnayo, kuhara huku unapanda ni kukauka maji mwilini. Akisema "I'm running a temperature" ana homa. "My nose is running" ni makamasi tu, kwa baridi ya kule nani hana. Alafu kuna hizi mbili watu wengi wanazichanganya, "we are running low on water" maana yake maji yanaelekea kuisha, bado yapo, ila "we have run out" yameisha kabisa hamna hata tone, na kule juu kambi ya Barafu ambako maji yenyewe mnayapandisha kichwani toka chini huo utofauti sio mdogo. Nyingine ya kushika sana ni "asthma runs in my family", hapo mgeni anakwambia pumu ipo kwenye ukoo wao, sio kwamba ndugu zake ni wanariadha, usiipite hiyo, muulize na yeye mwenyewe anayo na kama dawa amebeba. "Run me through tomorrow" anataka umweleze kesho mtafanya nini toka kuamka mpaka kulala, wewe eleza taratibu. Akiuliza "who runs this camp?" anamtafuta msimamizi.

Na ukishashuka, mgeni akikwambia "I ran into your boss in Moshi" usishtuke, wamekutana tu kwa bahati barabarani. Ingekuwa "ran over" hapo ndo kamgonga na gari.

SWALI: Habari mwalimu, natafuta kazi ya mapokezi hotelini hapa Arusha. Nimeshawahi kusimamia saluni ya shangazi yangu miaka miwili, nikaandika kwenye barua "I ran my aunt's salon", rafiki yangu akasema run ni ya kitoto niweke neno zito. Nikaingia kwenye programu ya visawe kwenye simu ikanipa operate, govern, flow na mengine kibao. Nimeweka "I governed my aunt's salon". Iko poa? – Dada wa Sakina

JIBU: Haiko poa dada, rudisha ran yako haraka kabla hujaituma. Govern ni ya nchi, ina serikali ndani yake, anayeisoma ataona shangazi kapinduliwa. Operate inakaa zaidi na mashine, crane, jenereta, na ukiiweka "on" mbele, "I operated on my aunt", umemfanyia upasuaji. Flow ni ile run ya mto, haina uhusiano kabisa na saluni, simu imekumwagia visawe vya maana zote kwenye kapu moja bila kukuuliza wewe unataka ipi.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Yule daktari wa London, Peter Mark Roget, alipotoa kitabu chake cha visawe 1852 aliyapanga maneno kwa mawazo, yanayokaribiana yakae pamoja, ili mtu ambaye neno analijua ila limemkimbia kichwani alione alikumbuke. Hakukitengeneza kimfundishe mtu neno geni. Kwahiyo kisawe ambacho hujawahi kukiona kwenye sentensi ya mtu mwingine kiache hapohapo kilipo, au kitafute kwanza kwenye sentensi tatu nne uone kinakaa na nani.

Ukitaka uzito andika "managed", inakubali saluni, hoteli, hata watu. Ila mimi binafsi ran yako naipenda, na huyo rafiki yako muulize kwanza yeye barua ngapi zimeitwa interview. Kilichopungua hapo ni kazi uliyofanya, sema ulikuwa unapokea wateja, unashika hela, unapanga zamu za wasusi, hayo ndo meneja wa hoteli anayatafuta.

SWALI: Mwalimu mbona Wamarekani wanasema mtu "runs for president" lakini kwenye habari za Uingereza nasikia mbunge "stands"? Huyu anakimbia huyu kasimama, nani yuko sahihi? – Msomaji, Kijenge

JIBU: Wote, maana ni ileile ya kugombea, ni mazoea ya nchi tu. Hata soksi ndefu za kina dada zikifumuka mstari, Mmarekani anauita "run", Mwingereza "ladder". Ukiongea na wageni tumia yoyote wataelewa, kwenye mtihani wa shule andika "stand" maana Kiingereza tunachofundishia ni cha Uingereza.