Ukitaka besi ing'ae, usikimbilie pikapu yenye nguvu

Wapiga besi wengi wanaoniletea magitaa yao wana kilio kimoja: sauti imezama. Wakipiga peke yao wanaridhika, lakini bendi ikiingia kwenye sebene, solo na ridhimu zikapanda, besi inabaki mtetemo wa sakafuni na noti hazitambuliki. Kisha wananitajia pikapu, kile kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, wanayotaka kuagiza, na karibu kila mara ni ile inayosifiwa kwa nguvu zake. Hapo huwa nawaomba wasubiri kidogo kabla ya kutuma hela.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Mizunguko ikiongezeka, sauti inakuwa kubwa, ila koili, yaani waya huo uliozungushwa, inaanza kuzuia masafa ya juu, na kile kilele kinachoipa noti makali yake kinashuka. Ndiyo maana pikapu yenye nguvu sana huwa na midi nene na trebo hafifu. Kwa roki nzito, ampu ikikwaruza, inafaa sana. Anayetaka kila noti isikike kama imekatwa kwa wembe atafute koili yenye mizunguko michache, hata kama itambidi aongeze voliumu kwenye ampu.

Utajuaje idadi ya mizunguko bila kuifungua? Watengenezaji wengi hutaja ukinzani wa waya kwa kilo-omu. Kwa besi mbili maarufu za Fender, pikapu za mtindo wa Precision huwa karibu 10 au 11, za Jazz karibu 7 au 8. Ukilinganisha mbili za aina moja, yenye omu chache kwa kawaida ndiyo inayong'aa zaidi, mradi unene wa waya uwe uleule, kwa sababu waya mwembamba huongeza omu hata kama mizunguko haijaongezeka. Kampuni ikitaja pia kipimo cha henri, kinachoonyesha jinsi koili inavyozuia masafa ya juu, fuata hicho kuliko omu.

Kuhusu sumaku, utasikia kwamba za kauri zinang'aa kuliko za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti). Si uongo, lakini besi nyingi za bei nafuu zina kipande cha kauri chini na vijiti vya chuma katikati ya koili. Chuma hicho hupandisha henri, na trebo inapungua. Mimi nimezoea alniko 5, ambayo vijiti vyenyewe ndivyo sumaku, iliyozungushwa kwa kiasi. Ndiyo iliyomo kwenye besi ninayopigia kanisani na harusini, na ndiyo ninayompendekezea mtu wa kwanza kuniuliza.

Ila kabla ya pikapu kuna mambo ya bei ndogo zaidi. Nyuzi zilizochoka haziokolewi na pikapu yoyote. Funga mpya za chuma cha pua zilizozungushwa kwa waya wa mviringo, usikilize tena. Kebo nayo hunyonya trebo: kila mita ina takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji), kwa hiyo ya mita 3 inakuachia mwanga zaidi kuliko ya mita 10. Angalia pia poti, yaani vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha vya voliumu na toni. Besi nyingi za pikapu za kawaida zina poti za kilo-omu 250, na hata ukizifungua hadi mwisho, ile ya voliumu na ile ya toni zote zinapunguza kile kilele. Ukiweka za 500, sauti inafunguka.

Na mwenye Precision ana njia nyingine ambayo ningetamani kila mpiga besi aijue. Tangu 1957 pikapu yake imekuwa vipande viwili, kila kimoja kikihudumia nyuzi mbili, na vimeungwa kwa mfuatano. Mpe fundi redio anayejua kulehemu aviunge sambamba. Henri inashuka hadi robo, sauti inapungua nguvu lakini inakuwa wazi kabisa, na bado haivumi umeme. Besi ya StingRay ya kampuni ya Music Man, iliyotoka 1976, ina koili mbili zilizoungwa sambamba, zikiwa karibu na daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa), pamoja na saketi ya betri ya kukuza sauti. Mng'ao wake maarufu unatokana na hayo.

Mahali pikapu ilipokaa pana uzito mkubwa. Karibu na daraja, uzi hucheza kidogo na sauti zake za juu ndizo zinazotawala. Ukisogea shingoni, unene unaongezeka. Hakuna pikapu ya katikati itakayokupa sauti ya ile ya nyuma ya Jazz Bass. Kama mng'ao ndiyo haja yako kuu na besi yako ni Precision, fikiria kuongeza pikapu ya Jazz upande wa daraja, ingawa hapo mbao itachongwa, na mbao iliyochongwa hairudi.

Pikapu zinazotumia betri, kama za kampuni ya EMG, zina faida ya kutojali urefu wa kebo. Kumbuka tu kwamba zinataka poti zake, za kilo-omu 25, na nafasi ya betri ya volti 9 ndani ya mwili wa gitaa.

Kabla ya kuagiza, chukua rula. Kwenye Jazz, pikapu ya daraja huwa ndefu kuliko ya shingo kwa milimita chache, na za nyuzi tano hazina kipimo kimoja. Ukishafunga, bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha anza na nafasi ya milimita 3 kati ya uzi na pikapu upande mnene na 2.5 upande mwembamba. Sumaku ikikaribia mno huvuta uzi na kuharibu tuni. Mwisho, kama besi ina pikapu mbili, fungua voliumu zote mbili pamoja. Sauti ikiwa nyembamba na besi imetoweka, pikapu zinapingana: badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja, ile yoyote, na unene utarudi.